Mihogo ya Siku Mbili

Kanisani kwetu shetani alikuwa na kazi nyingi kuliko mtu yeyote kijijini. Mbuzi wakila maharage ya jirani, ni shetani. Mtu akichelewa ibada kwa sababu alilala mpaka jua likamkuta, anasimama wakati wa ushuhuda anasema adui alimfunga kitandani. Kwaya ikipotea katikati ya wimbo, mwalimu wa kwaya anasema kuna roho imevamia sauti ya pili, na sote tunajua sauti ya pili haikuja mazoezini wiki nzima. Ushuhuda wenyewe ulikuwa unaisha namna moja. Mtu ananyoosha mkono anasema, "Ashindwe!" na kanisa zima tunaitikia, "Na alegee!" Shetani angekuwa mtu wa kawaida angeshaomba likizo.

Sisemi haya kama mtu aliyekaa pembeni akawacheka wenzake. Nilikuwamo, tena nilikuwa hodari. Niliwahi kuvunja chupa ya chai ya mama mkwe wangu, nikamwambia kwamba adui hafurahii jinsi tunavyoelewana. Mama mkwe akanitazama, akasema basi adui huyo ana kiwiko kama changu. Nilinuna siku mbili. Sikuona bado kwamba mama yule alikuwa amenipa mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia, na nikayapoteza.

Kijiji chetu kipo upande wa Kasekese. Wazazi wetu walikuja kutoka Burundi, wengine wamebebwa mgongoni, na sisi tukazaliwa hapa, tukasoma hapa, tukapewa uraia hapa. Uraia tumepata, lakini jiko letu halikuomba uraia. Bado tunakula ugali wa muhogo, ule wa udaga, muhogo uliolowekwa na kuanikwa, wenye harufu yake kali inayowafanya watu wa mjini washike pua kwanza, kisha waongeze tonge. Muhogo tunaoulima sana ni ule mchungu, kwa sababu nguruwe pori na nyani hawauchezei. Lakini muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo haitoki kwa maombi. Inatoka kwa maji na siku. Unaumenya, unauloweka kijitoni au kwenye pipa, unausubiri mpaka ulainike. Wakati wa joto siku tatu au nne zinatosha. Mwezi wa saba, kukiwa na baridi, ni siku tano, hata sita. Ukiubonyeza kwa kidole ukavunjika wenyewe mpaka katikati, umeiva. Ukikuta moyo mgumu, unaurudisha majini unaenda zako. Kila mtoto wa kike wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Mimi nilifundishwa na bibi jirani. Mama yangu alifariki nikiwa sijakomaa jikoni, na huyu mama mjane, ambaye shamba lake limepakana na letu, ndiye aliyenishika kidole akakibonyeza kwenye muhogo wa kwanza. Watoto wangu walipoanza kumwita Bibi, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Katika miaka yote ya kusali naye kanisa moja sijawahi kumsikia akitoa ushuhuda wa kumtaja shetani. Alikuwa anasema, "Namshukuru Mungu nipo," anakaa. Sisi tulimwona kama mtu ambaye hajakua kiroho.

Mwaka huo nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula ya akina mama. Cheo kidogo, lakini nilikivaa kama kitenge kipya. Kwaya moja ya Makanyagio, Mpanda mjini, ilikuwa imealikwa kuja kuimba kwetu Jumapili ya mwisho wa mwezi wa saba, nami nilikuwa nimeshawaahidi kwa simu kwamba watakula ugali wa muhogo wa kweli, siyo ule unga mweupe wa dukani usio na harufu wala adabu. Nilijisifu sana. Unga wangu wa akiba ulikuwa umeisha kwenye msiba, lakini siku zilikuwa bado nyingi, nikasema mihogo ipo shambani, haraka ya nini.

Jumatatu jioni mwenyekiti wa kwaya akapiga simu. Ratiba imebadilika, wanakuja Jumapili hii hii.

Mtu mwenye akili angesema, basi wageni wetu tutawapikia ugali wa mahindi. Mahindi yalikuwepo. Mimi nikasema tumeshaahidi udaga, watakula udaga. Jumanne asubuhi nikang'oa mihogo, tukamenya na akina mama wawili, mchana ikawa kijitoni. Nilipiga hesabu. Nikiitoa Alhamisi mchana, nianike Ijumaa na Jumamosi asubuhi, mashine ya kusaga inafungwa saa kumi, nawahi. Kwenye hesabu hiyo palikuwa na kila kitu isipokuwa muhogo wenyewe.

Alhamisi nilikwenda kijitoni peke yangu. Nikaubonyeza wa kwanza. Juu ulikuwa umelainika, ndani moyo mgumu. Nikaubonyeza wa pili, vile vile. Nilikaa pale juu ya jiwe, maji ya baridi yananipita miguuni, na nataka niseme hili wazi kwa sababu ndilo jambo lenyewe: nilijua. Sikudanganyika, sikupitiwa, wala sikusikia sauti yoyote sikioni. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikaitoa mihogo yote majini, nikaipeleka nyumbani, ile mioyo migumu nikaitwanga kwa mchi ili ifanane na iliyolainika. Nikaianika kwenye turubai. Jirani mmoja akapita akasema, "Dada, leo mmewahi." Nikamjibu, "Mungu ni mwema."

Jumapili kwaya ikaja na basi dogo la Costa, vijana wamevaa sare za kijani, wamejaa vumbi na furaha. Ibada ya asubuhi ikawa nzuri. Nyuma ya kanisa masufuria yalikuwa motoni, kuna kisamvu, kuna samaki, migebuka ya kukaanga, na mimi nazunguka na mwiko natoa amri. Bibi ndiye aliyekuwa anasonga ugali, kwa sababu hakuna kijijini aliyemzidi. Nilimletea unga. Akachota kidogo kiganjani, akaupeleka puani. Akaunusa tena. Halafu akaniita kando ya moto.

"Mwana wanje," alisema kwa Kirundi chetu, mwanangu, "unga huu haunuki."

"Ni mpya, Bibi."

"Udaga usionuka haujaiva. Umekaa majini siku ngapi?"

"Bibi, wageni wameshanawa mikono," nikasema. "Tusonge ugali, maswali baadaye."

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, na akina mama wengine walikuwa wanasikia. Bibi akarudi kwenye sufuria akasonga. Alisonga vizuri kama siku zote. Lakini chakula kilipogawiwa, wageni kwanza, kisha wazee wa kanisa, kisha sisi wapishi, Bibi hakula. Alikaa kwenye benchi anakunywa maji. Mimi mwenyewe nilikula matonge mawili, nikasema nimeshiba kwa uchovu.

Kipindi cha mchana kilianza saa nane. Kwaya ikapanda mbele, kinanda kikawashwa, na katika wimbo wa pili yule dada mdogo aliyekuwa anaimbisha akashika kichwa. Akaendelea kuimba mistari kama miwili, kisha magoti yakamlegea akaanguka.

Lazima nieleze kwamba kuanguka kanisani kwetu siyo habari. Watu huanguka karibu kila mkutano. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mchungaji akashuka na kipaza sauti, akaanza kukemea, "Toka! Mwachie binti!" na sisi tukanyoosha mikono. Binti akatapika. Kanisa likashangilia, maana kutapika nako kwetu kunahesabika kuwa ni kufunguliwa. Kisha kijana wa besi akakaa chini, anasema anaona giza. Akafuata mwingine, kisha mama mmoja wa kwaya. Mchungaji akatangaza kwamba adui amevamia mkutano na kwamba hatoki mtu mpaka ashindwe. Maombi yakapanda mpaka bati likawa linatetemeka.

Mimi niliomba kwa sauti kuliko wote. Naikumbuka sauti yangu, na ninaionea haya hadi leo. Nilikuwa nikimkemea shetani kwa nguvu zote ili nisisikie kilichokuwa kinasemwa tumboni mwangu, kwamba hawa wamekula mihogo ya siku mbili. Yule binti alikuwa amelala chini, pumzi inaenda mbio, midomo imepauka, na watu wamemzunguka wamemkatia hewa. Angeweza kufia pale. Angekufa mbele yangu, mikono yangu ikiwa hewani.

Bibi ndiye aliyepenya katikati. Hakuniangalia. Alimshika mchungaji mkono, mkono wenye kipaza sauti, akasema, na maneno yakasikika kanisa zima, "Mchungaji, hawa watoto ni wagonjwa. Wapelekwe zahanati." Mchungaji alipositasita, yeye mwenyewe akatoka nje akamwamsha dereva wa Costa. Watu tisa walibebwa. Zahanati wakawapa huduma ya kwanza, kisha gari likawakimbiza kituo cha afya. Mganga aliuliza wamekula nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikajibu, "Chakula cha kawaida tu, daktari. Ugali, samaki, mboga." Alipouliza ugali wa nini, mtu mwingine akanijibia, "Wa muhogo." Mganga akaandika.

Kwa neema ya Mungu wote tisa walipona. Binti yule ndiye aliyechelewa, alilazwa siku tatu. Mganga alisema ni chakula kilichowadhuru, tuangalie maandalizi yake. Nilipoyasikia maneno hayo niliona mwisho wangu umefika. Kumbe sikuwajua watu wetu. Neno la mganga lilipofika kijijini lilikuwa limeshageuka njiani. Ni chakula, ndiyo, lakini kuna mtu alikitilia kitu. Nani alisonga ugali? Nani hakula ugali aliousonga mwenyewe? Na nani alijua kabla ya wote kwamba watu waende zahanati?

Jumatano wazee wa kanisa walituita wapishi sote. Tulikaa kwenye mabenchi, akina mama saba. Mzee mmoja akamuuliza Bibi, kwa upole kabisa, "Mama, tunaomba utueleze, kwa nini siku ile hukula?"

Bibi aligeuza macho, akaniangalia. Haukuwa mtazamo wa hasira. Alikuwa kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni atangulie. Mimi nikaangalia chini. Palikuwa na sisimizi wanavuta punje ya mchele, nikawafuata kwa macho mpaka ukutani.

"Sikuwa na njaa," Bibi akasema.

Hapo ndipo jambo lilipomwangukia. Hakuna aliyesema neno uchawi ndani ya kanisa, maana sisi ni watu waliookoka. Tulisema "roho". Tulisema mama huyu ana roho inayohitaji maombezi. Akaondolewa jikoni kwa muda, akapangiwa siku za kufunga na kuombewa. Akina mama wakaanza kupita njia ya juu, ile isiyopita mbele ya nyumba yake. Mtoto akienda kwake kuomba moto anaitwa arudi. Na mtaa ukianza kufanya hivyo hauhitaji tena ushahidi. Wiki ya pili nikasikia kuna vijana wanazungumza kuleta wale wapiga ramli wanaozunguka vijijini wakiwaonyesha watu wachawi wao. Hao wakishaingia, mzee anapoteza nyumba, na wakati mwingine anapoteza zaidi ya nyumba.

Na mimi? Niliendelea kuongoza kamati. Nilimweleza mume wangu ukweli, nusu yake, nikasema labda mihogo haikukaa vizuri majini. Akasema, "Si umesikia mchungaji ametangaza ni vita vya kiroho? Wewe unajitwisha nini?" Nikalishika neno hilo kama mtu anayezama. Niliwaza kwamba hata kama ni mihogo, aliyebadilisha ratiba ni nani? Si adui? Aliyenifanya niwe na kiburi ni nani? Ukitaka kumpata shetani kwenye jambo lako humkosi. Anakubali kila lawama, hajawahi kuja kanisani kukanusha.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, nilimkuta Bibi shambani kwake anang'oa mihogo ambayo haijafikia umri. Mihogo midogo, myembamba kama vidole. Nikasimama kwenye mpaka. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ile ya wazee.

"Bibi, mbona unang'oa michanga?"

"Mwanangu anakuja Jumatatu kunichukua, twende Inyonga," alisema. Mwanawe alikuwa huko, ana mizinga yake ya nyuki na shamba la tumbaku. "Nitakaa kwake. Mbegu hizi chukua wewe. Zile za kando ya kichuguu ni nzuri."

Alinikatia mashina ya mihogo, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akanipa. Nami nikapokea. Nikasema ahsante! Nilifika nyumbani na ule mzigo begani, nikautupa chini uani, nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mume wa Bibi amezikwa nyuma ya nyumba yake. Alikuwa anakiacha kijiji alichofikia akiwa mtoto, na alikuwa ananigawia mbegu.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakaniponyoka yote.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Ile mihogo waliyokula wageni niliiloweka siku mbili."

Kila mwanamke mle ndani alikuwa anahesabu. Mzee wa kanisa, yuleyule aliyeuliza, akasahau kwamba tuko kwenye ibada akasema kwa sauti, "Siku mbili? Mwezi wa saba?"

"Mwezi wa saba," nikasema. "Niliibonyeza nikakuta ina moyo mgumu. Nikaitwanga ili isionekane. Bibi alinusa unga akaniambia haujaiva, nikamkatiza. Ndiyo maana hakula. Alijua. Na mbele ya wazee angeweza kusema, hakusema, alinipa nafasi niseme mimi. Sikusema."

Mchungaji wetu ni mtu mwema, nataka ieleweke hivyo. Aliona nimeshika benchi kwa mikono miwili, akataka kunisaidia kwa namna aliyoizoea. Alinisogelea akaniwekea mkono begani, akasema kwenye kipaza sauti, "Mnaona, wapendwa, jinsi adui alivyo mjanja. Alimharakisha dada yetu, akampofusha macho. Lakini leo tunasema ashindwe!"

Watu wachache wakaanza, "Na ale..."

"Hapana, mchungaji," nikasema. Sijui ujasiri ulitoka wapi, nadhani ulitoka kwenye uchovu. "Samahani. Msimkemee. Shetani hajui kuloweka mihogo. Ninayejua ni mimi, na nilikuwa naona vizuri."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajutia kucheka. Mchungaji alibaki na mkono wake begani kwangu, hajui aupeleke wapi. Mwisho akashusha kipaza sauti, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile anayonunulia sukari dukani, "Basi tukae kidogo tunyamaze." Tukanyamaza. Hiyo ilikuwa ibada fupi kuliko zote.

Nilivuliwa uongozi wa kamati siku ileile, na ilikuwa haki. Baadaye nilipanda gari mpaka Makanyagio kumwona mama wa yule binti. Alinisikiliza hadi mwisho mlangoni, hakunikaribisha kiti, akasema tu, "Nimekusikia," akafunga mlango. Nilipotoka hapo nilikuwa na hamu ya kusema kwamba ana roho ngumu. Nikaimeza.

Lakini kabla ya Makanyagio nilianza kwa Bibi. Kanisa zima lilitaka kwenda siku ile, na mchungaji mbele, kuomba radhi kwa wimbo. Nikawaomba wanipe nafasi nitangulie. Bibi hakuja ibadani siku hiyo, alikuwa anafunga mizigo. Nilimkuta uani amekalia kinu kilicholazwa, anakunja vitenge. Nikapiga magoti, nikamweleza nilichosema kanisani, neno kwa neno.

Alikunja kitenge mpaka mwisho, akakiweka juu ya vingine.

"Mihogo umeiloweka siku mbili," alisema. "Mimi umeniloweka wiki tatu."

Akachukua kitenge kingine.

"Wazee nimewasamehe, hawakujua. Wale vijana ni wajinga tu. Mchungaji anatafuta shetani kwa sababu ndiyo kazi aliyofundishwa. Wewe ulijua, nikakuangalia, ukaangalia chini."

"Bibi, nimeshasema mbele ya watu wote. Usiondoke."

"Umefanya vizuri kusema. Kesho naondoka."

Wakaja mchungaji na kanisa na wimbo wao, akawasikiliza, akawashukuru, akawapa na maji. Jumatatu saa nne mwanawe akampakia kwenye pikipiki, mizigo ikafuata kwenye nyingine. Niliona mgongo wake mpaka walipopinda kona ya shule. Nilikuwa nimedhani kwamba mtu akikiri, mambo yanarudi yalivyokuwa. Hakuna aliyewahi kuniahidi hivyo. Nilijiwekea ahadi mwenyewe, kisha nikamkasirikia Mungu kwamba hakuitimiza.

Zile mbegu zake nilizipanda kando ya kichuguu, upande wangu wa mpaka. Zilipokomaa, nikang'oa, nikaloweka kwenye pipa. Zilikaa siku tano, na siku ya sita nikabonyeza mmoja mmoja, kila muhogo, mume wangu ananicheka. Nikaanika, nikasaga, nikajaza ndoo moja. Nikapanda gari la Mpanda, nikalala kwa ndugu, kesho yake nikachukua basi la Inyonga.

Bibi alikuwa amekonda kidogo lakini macho yake yalikuwa yaleyale. Aliishi kwenye chumba cha uani kwa mwanawe, na pale mlangoni palikuwa na miche ya mihogo imeshapita goti. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto mmoja baada ya mwingine. Nikafungua ndoo. Akachota unga kiganjani, akaupeleka puani, akafumba macho. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, mkwewe alikuwa ameshafungua dirisha.

"Siku ngapi?"

"Tano na usiku wa sita, Bibi."

Akasonga mwenyewe. Aliweka ugali kati yetu, na bakuli la mboga, na maji ya kunawa. Mimi nikanawa. Nikangoja anawe, kwa sababu yeye ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye anayeanza. Hakunyoosha mkono. Alikaa ameweka mikono juu ya magoti, ananitazama, kama alivyonitazama mbele ya wazee.

"Anza wewe," akasema.

Safari hii sikuangalia chini. Nilikata tonge nikala, nikakata la pili, nikala. Alisubiri mpaka nikameza la tatu. Ndipo akavuta bakuli la maji, akanawa mikono.